Mama Alisimama Mbele ya Ukuta

Stuttgart, Ujerumani ya Magharibi
11 Februari 1974

Mpendwa dada Felista,

Shikamoo. Natumaini mkono wa posta utakukuta mzima, wewe na shemeji Damiani, na Martina na wadogo zake. Mpelekee mama shikamoo yangu, na umwambie koti zito alilokuwa akiniulizia nimeshanunua. Huku ni theluji tangu Krismasi. Miguu ya Baba Mdogo Melkizedeki naiombea.

Sasa madhumuni ya barua. Najua Padri ameulizia tena zile picha za Njia ya Msalaba ambazo nilitumwa huku kujifunza kuzichora. Dada, mwambie kwa upole kwamba sichori tena watu. Mwalimu wangu, Bwana Hartwig, ni mzee wa miaka sitini na mbili, na katika picha zake hakuna mtu, hakuna mti, hakuna msalaba. Kuna rangi tu, na hata hiyo rangi anaichanganya na mchanga na gundi, anaitupia kwenye turubai, anaisambaza kwa mwiko wa mwashi, kisha anaikwaruza kwa msumari. Mara nyingine anashona magunia juu yake na kuyachoma kwa moto. Nilipofika nilidhani mzee ameharibikiwa akili.

Siku moja akanieleza. Vita vilipokwisha, alirudi akakuta mji wake umelala chini. Nyumba zilikuwa zimekatika katikati, na mtu aliyepita barabarani aliona ukuta wa chumba cha kulala cha watu, wa kijani, na alama ya mahali kitanda kilipokuwa. Rangi za dukani hazikuwepo. Akaanza kuchora kwa vumbi la matofali, majivu na magunia. Anasema baada ya kuona yale, kila uso aliojaribu kuuchora aliuona wa uongo. Wenzake wengi wa Ufaransa, Italia na Hispania nao walifanya hivyo hivyo miaka ile.

Aliponionyesha picha yake moja, kahawia na nyeupe, nene kama ukoko wa ugali, nilitokwa machozi mbele za watu. Niliona ukuta wa mama. Kila mwaka baada ya mavuno anaukandika upya: udongo mwekundu, samadi, majivu, na ule udongo mweupe wa bondeni, na vidole vyake vitatu akivivuta kutoka juu hadi chini. Pale unapobanduka unaona mwaka wa nyuma, na mwaka wa nyuma yake. Wazungu wamefika hapo juzi tu.

Nakuomba umtafute mpiga picha mjini, aupige ule ukuta wa mbele. Nitumie picha pamoja na filamu yake, nipate kuikuza huku.

Mdogo wako,
Antipasi


Ikungi, 2 Mei 1974

Mpendwa mdogo wangu Antipasi,

Marahaba. Sisi hatujambo, wasiwasi ni kwako uliye kwenye baridi. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye kabati la shule kwa sababu mwalimu mkuu alisafiri na ufunguo. Mtama mwaka huu tumegawana na ndege. Darasa langu la kisomo lina wanafunzi kumi na tisa, na yule Anastazia jirani yetu sasa anaandika jina lake mpaka kwenye vibuyu.

Padri nimemwambia kwa upole kama ulivyoagiza. Aliuliza kama Wajerumani wameishiwa watu wa kuchora.

Kuhusu picha. Nilikwenda Singida mjini kwa Zulfikar, mwenye studio karibu na soko. Alicheka sana, akasema huu ni mwaka wake wa ishirini katika kazi hiyo na hajawahi kuitwa na ukuta. Jumamosi akaja kwa basi na kamera yake, na nusu ya kijiji ikaja kutazama. Alipojiweka tayari, Baba Mdogo akamzuia. "Mtu atoke Singida mpaka hapa kuja kupiga udongo," akasema, "na mwenye nyumba yupo, amekaa tu?" Watu wote wakaona ana haki. Mama akaingia ndani, akajifunga khanga yake ya Krismasi, akajipaka mafuta usoni, akatoka na kusimama katikati ya ukuta, mikono imenyooka. Nilitaka kumwambia asogee pembeni kidogo. Nikamwona alivyosimama, nikaacha. Unajua kama mimi kwamba hajawahi kupigwa picha maisha yake yote.

Zulfikar alipiga moja tu, alikuwa amebakiwa na moja. Ilipokuwa tayari nilimpelekea mama aione kabla sijaituma. Aliishika kwa ncha za vidole, akasema, "Kumbe nimekuwa mzee hivi." Akailaza chini ya mto wake siku tatu, kisha akanirudishia. Maneno yake aliyasema kwa Kinyaturu, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Mpelekee mwanangu. Akishaitazama airudishe, bado sijaizoea."

Ninakutumia picha na filamu yake, kama ulivyotaka. Huku hatukubakiza kitu. Usisahau neno la mama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Felista


Stuttgart, 20 Juni 1974

Mpendwa dada Felista,

Shikamoo. Mimi mzima. Sasa ni kiangazi na jua linakataa kuzama. Wasalimie wote, na hasa Anastazia mwenye vibuyu.

Picha imefika salama na nimeikuza. Bwana Hartwig aliisogeza dirishani akaitazama muda mrefu, kisha akawaita wanafunzi wengine. Aliwaonyesha upande wa kushoto, pale plasta ilipoanguka, jinsi weupe unavyotokea chini ya wekundu bila mtu kuulazimisha. Alisema yeye alihangaika miaka kumi kutafuta kitu hicho. Dada, nilijisikia mrefu siku hiyo.

Jambo moja tu limenisumbua. Mama amesimama juu ya sehemu nzuri kuliko zote. Pale katikati ndipo vidole vinapokutana, na mgongo wake umepaziba. Tena jicho la mtazamaji linamkimbilia yeye, ukuta hauonekani tena kama ukuta. Mkipata nafasi ya kupiga nyingine, mwombe asogee.

Niulizie pia kwake: majivu anayatia kiasi gani? Na ule weupe, anaupaka udongo wa chini ukiwa mbichi au ukiwa umekauka?

Mdogo wako,
Antipasi


Ikungi, 15 Agosti 1974

Mdogo wangu Antipasi,

Salamu zako zimefika na wote wanakujibu. Martina ameng'oka jino. Ng'ombe wawili wa Baba Mdogo wamekufa.

Kwamba mama asogee, sikumsomea. Barua zako huwa namsomea zote, na anaijua sauti yangu ninaporuka mstari, kwa hiyo aliniuliza umesema nini pale. Nikasema umesifu khanga yake. Usinitie tena kwenye uongo wa namna hiyo.

Majivu ni kiasi cha konzi mbili kwa karai, na anacheka kwamba mtu anasomea jambo hilo Ulaya. Weupe unapakwa udongo wa chini ukiwa bado unashika kidole. Ukikauka umechelewa.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Operesheni imefika kwetu. Tunatakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara ya Dodoma kabla ya mvua, kila kaya na kiwanja chake kilichopimwa kwa kamba. Tumeahidiwa bomba na zahanati, na sikatai kwamba vinahitajika. Lakini nyumba bado hazipo, vipo vigingi tu. Damiani ni balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo ndiye anayepita kuwaambia watu wafunge mizigo. Mama amemwambia mkwe wake kwamba yeye hafungi kitu. Amekandika ukuta mwezi uliopita kama kawaida.

Wewe ndiye mtoto wake wa kiume peke yako. Huwezi kuja, najua. Basi mwandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake Magdalena juu ya bahasha, umwambie akubali kuhama polepole, mapema, wakati bado pakavu. Mimi ananiona ni mke wa balozi. Wewe atakusikia.

Anaulizia picha yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Felista


Stuttgart, 3 Novemba 1974

Mpendwa dada Felista,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Tangu Agosti nimekuwa nikilala kwenye karakana. Tumefanya maonyesho, na magazeti mawili yamenitaja mimi peke yangu kati ya wanafunzi. Moja limeandika kwamba rangi zangu zina subira ambayo Ulaya imeisahau. Nilicheka, maana subira si yangu, ni ya mama.

Habari za kuhama nimezisikitikia sana. Sikujua la kumwandikia. Niliandika mistari mitatu nikaichana. Serikali ina nia njema, na mama ana haki yake, na mimi niko mbali.

Nina ombi moja, na tafadhali usilikasirikie. Kama ni lazima ukuta ubomolewe, nikatie kipande kabla hawajafika. Upana wa sinia unatosha. Ukate pale katikati, ukifunge kwenye gunia na majani makavu, wamisionari wanaorudi likizo wanaweza kunibebea. Kitu hicho kikipotea hakitapatikana tena duniani.

Msalimie mama.

Mdogo wako,
Antipasi


Kijiji kipya, S.L.P. ile ile ya Ikungi
28 Desemba 1974

Antipasi,

Tunaendelea. Barua yako ilifika mwishoni mwa Novemba.

Kipande hukupata. Walikuja Oktoba na lori, wakaanza na mapaa. Damiani ndiye aliyepanda kwanza juu ya tembe la mama, kwa sababu balozi lazima aonyeshe mfano. Alishusha udongo wa paa kwa jembe, kisha miti. Uliwahi kuniandikia habari za mji wa Bwana Hartwig, jinsi chumba cha mtu kilivyoonekana kutoka barabarani. Nimeona. Ndani kulikuwa na ukuta mweusi wa moshi wa miaka yote, na mahali pasipo na moshi palipokaa kinu. Watu wa lori walipita wakatazama mahali mama anapolala. Mvua ya kwanza imeangusha kuta zilizobaki.

Tuma ile picha. Itume haraka, kwa rejista.

Felista


Stuttgart, 10 Februari 1975

Mpendwa dada Felista,

Shikamoo. Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi. Nimemtafsiria Bwana Hartwig ile sehemu ya ukuta wa moshi na alama ya kinu, akaondoka akaenda kusimama nje bila koti. Unaandika vizuri kuliko unavyojua.

Ule weusi wa ndani, uling'aa au ulikuwa wa vumbi? Mvua ilipouyeyusha ukuta wa mbele, rangi zilitoka moja moja au zilichanganyika? Usinione mpumbavu kwa kuuliza. Ndivyo ninavyojua kuomboleza.

Picha iko mahali salama, usiwe na wasiwasi. Nitaishughulikia.

Mama hukumtaja. Amekubali nyumba mpya?

Mdogo wako,
Antipasi


Kijiji kipya, Ikungi
30 Machi 1975

Antipasi,

Sisi tuliobaki ni wazima.

Mama alifariki tarehe sita Desemba. Nilipokuandikia kuhusu kuta alikuwa na siku ishirini na mbili kaburini. Sikukuambia, na nitakueleza kwa nini, hata kama itaniaibisha. Nilitaka kuona utauliza mara ngapi habari za ukuta kabla hujauliza habari zake. Nilihesabu. Umeniuliza kama weusi unang'aa.

Tulishushwa kwenye kiwanja chenye vigingi vinne. Damiani alijenga kibanda cha nyasi, na mvua zikaja kabla hajakikandika. Mama alilala kwenye ngozi iliyolowa. Akaanza kukohoa, kisha akaacha kula. Zahanati tuliyoahidiwa ilikuwa bado ni rundo la mawe. Tulimchukua kwenye machela mpaka barabarani, tukasubiri gari asubuhi nzima, na gari lilipokuja tukageuka naye.

Barua yako ya Novemba ilimkuta yupo. Nilimsomea. Niliposoma kwamba unataka kipande cha ukuta akaniuliza, "Na picha je?" Nikamwambia umesema iko njiani. Akauliza tena siku ya pili na ya tatu. Nikamwambia posta ya Desemba ni nzito. Ndivyo alivyoondoka, akiisubiri posta.

Siku ya kumaliza matanga watu walitaka kuiona. Wajukuu wa Baba Mdogo kutoka Mtinko hawakumjua kabisa. Nikasema mdogo wangu anayo.

Sitaki zawadi, sitaki pole, sitaki habari za magazeti. Weka picha kwenye bahasha.

Felista


Stuttgart, 22 Mei 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara sita. Nimelia mpaka mwenye nyumba akaja kugonga. Nilimwita mama kwa sauti kwenye chumba ambacho hakuna anayejua Kinyaturu. Najua hukutaka pole, kwa hiyo siiandiki.

Picha sinayo. Ilikuwa mwezi wa Septemba, maonyesho yamekaribia, na kazi yangu kubwa kuliko zote haikuwa ikikaa sawa. Niliibandika ile picha katikati ya turubai kwa gundi, na ile kubwa niliyoikuza juu yake. Filamu niliipitisha juu ya mshumaa mpaka ikajikunja, nikaibandika pembeni yake, kwa sababu Bwana Hartwig ametufundisha kwamba moto nao ni rangi. Kisha nikaona umbo la mama linalivuta jicho na picha nzima inakuwa picha ya mtu. Nikamfunika. Nilichanganya plasta, mchanga na majivu, konzi mbili kama alivyosema, nikamkandika, nikavuta vidole vitatu kutoka juu hadi chini. Kila mtu alisema hapo ndipo kazi ilipopata uhai. Niliipa jina la Ukuta Namba Nne. Daktari mmoja wa Uswisi ameichukua. Nimemwandikia, amejibu kwa adabu kwamba hawezi kuruhusu ikwanguliwe. Hata akiruhusu, Bwana Hartwig anasema karatasi itatoka pamoja na plasta.

Uliniandikia kwamba hamkubakiza kitu. Nilisoma, nikajiambia mpiga picha lazima ana nakala. Nilitaka iwe hivyo, nikaacha kuuliza.

Sasa nimeweka mchanga na magunia kando. Nimenunua penseli na karatasi nzuri, na kila jioni ninamchora mama kwa ajili yenu, uso mtupu, kama nilivyofundishwa na Padri zamani. Macho nimeyapata. Mdomo karibu. Lakini lile kovu la moto la shavuni, alilolipata usichanani, sikumbuki kama lilikuwa kushoto au kulia. Nikumbushe, dada, nimalize niitume.

Antipasi


Kijiji kipya, Ikungi
17 Julai 1975

Antipasi,

Barua nimeipata. Hapa tumevuna kidogo. Zahanati imeezekwa. Mimi na Damiani tumeanza kuzungumza tena, mambo ya mifugo na watoto.

Nilikaa kukujibu siku ile ile, kwa hasira, neno moja tu, kushoto au kulia, ili uone aibu kwamba umelisahau. Nikashika kalamu, nikakuta sina hakika.

Nilimwosha mimi, pamoja na Anastazia. Nimemwuliza Anastazia, akasema kulia. Baba Mdogo akasema kushoto, tena akanifokea kwamba hilo si swali la mtoto kuuliza. Martina akajigusa shavu moja, akageuka kana kwamba bibi yake yuko mbele yake, akajigusa la pili, akasema hajui. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nimekaa naye miaka thelathini na nane. Nikifumba macho kovu naliona vizuri, lina umbo la jani la mkunde, na halikai upande mmoja. Ni miezi saba tu, Antipasi.

Ukituletea uso wenye kovu mahali pasipo pake, wajukuu watauamini. Wataupigilia ukutani na kusema huyu ndiye. Na baada ya miaka michache hata mimi nitauamini, na hapo yule mwenyewe atakuwa hayupo tena popote.

Kwa hiyo usimchore. Endelea na kuta zako.

Felista